Wakubwa Waliponunua Salamu Zangu

Kampuni yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea, hapa Mbeya, na watu wanne tukijihesabu vizuri. Tuliwatumia wakulima na wachuuzi bei za mazao kwa simu. Kwenye karatasi tulijiita kampuni ya teknolojia. Teknolojia yenyewe, nasema ukweli wangu, ilikuwa mdomo wangu.

Kila asubuhi niliwapigia wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, wa mpunga kule Igawa, wa viazi Igowole, niulize mzigo umetoka kwa bei gani. Na huwezi kumwuliza Mhehe bei kabla ya salamu. "Kamwene" yangu ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Zambia: umeamkaje, watoto, mbuzi, jirani yule wa mguu, mvua. Bei ilikuja mwisho kabisa, kwa neno moja. Mimi mhitimu wa shule ya jioni, niliyesoma sekondari nzima nikisinzia mpaka paji la uso likaota sugu ya dawati, niliona nimefika.

Ndipo kampuni kubwa ya Dar es Salaam ikataka kutununua. Wakamtuma dada mmoja, mpole, kompyuta yake nyembamba kama chapati ya mgahawani. Nikamwuliza jambo lililoninyima raha wiki nzima.

"Dada, nyie mna wataalamu wa kujaza uwanja wa mpira. Kwetu mnanunua nini? Birika?"

Akacheka. "Kaka, programu tunayo, tena bora kuliko yenu. Ila kuaminiwa kunachukua miaka, na sisi hatuna miaka. Wakulima wenu wakihamia kwetu, tunanunua, na nyie wanne mnabaki kazini. Wasipohama, hakuna biashara."

Na bila biashara hiyo tulikuwa tunafunga. Bosi wetu alishasema, na alikuwa amechoka hata kututania.

Wakatuma ujumbe kwa wakulima wote: jibu 1 kukubali kuhamia kwetu. Ukaingia bila hodi, bila hata habari za asubuhi. Hakujibu mtu. Nikampigia mama mmoja wa Ruaha Mbuyuni, ambaye wenzake wote humsikiliza.

"Mwanangu, kuna matapeli wameingia," akaniambia. "Nimewaambia wote wasijibu."

Nikapanda basi. Nilimkuta shambani anang'oa vitunguu. Nikamweleza yote, nikiwa na uchovu ule ambao ukiulalia unaamka nao.

"Kwa hiyo umetuuza?"

"Mama, hata mimi nimeuzwa. Tumo gunia moja."

Akacheka mpaka akaketi kwenye tuta.

"Hao watu watatufanyia nini?"

"Sijui, mama."

"Na nikikataa?"

"Nakosa kazi."

Akafuta mikono kwenye kanga, akanipa simu yake. "Bonyeza mwenyewe. Nakukubalia wewe. Hao siwajui."

Nikabonyeza, naye akawaambia wenzake wajibu. Kufikia kesho yake jioni karibu wote walikuwa wamejibu, na tukanunuliwa.

Kazi ninayo. Nina hata kiti kinachozunguka. Nimeshazunguka dunia mara mbili bila kutoka ofisini. Kupiga simu kumekoma, bei zinakusanywa na mashine, na wakulima wanamiminiwa matangazo ya mbegu na mikopo kama mvua ya Tukuyu. Yule dada hakunidanganya hata neno. Walitaka mlango wa kuingilia kwa yule mama, na mimi ndiye niliyeufungua.

Wiki iliyopita yule mama alinipigia mwenyewe.

"Kamwene, mwanangu. Unaumwa?"

"Kamwene, mama. Hapana, mzima."

"Mbona siku hizi hunisalimii?"

"Kazi nyingi, mama," nikasema.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na tangu nifike ofisini sikuwa nimeshika kazi yoyote.