Wimbo wa Kuingia na Baba

Sote tunamwita Spika, na si kwa sababu ya maneno, maana maneno hana. Anatengeneza spika na redio kwenye chumba kilichopakana na changu, na siku za harusi hubeba mashine zake akaenda kupiga muziki ukumbini. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu hauna breki, na kati yetu pana ukuta wa mbao usiozuia hata chafya. Kwa hiyo nasema ninayoyajua.

Spika hakuoa. Alimlea mtoto wa kaka yake tangu hajaota meno ya mbele, mama mtu alipofariki na kaka mtu akaenda mbali kutafuta kazi, akatafuta weee mpaka mtoto akamaliza shule. Kwa hesabu za ukoo Spika ni baba mdogo, ila mtoto hakuwahi kuitumia hiyo "mdogo". Ilikuwa "Baba, njaa," "Baba, nisuke," na yule bwana alijifunza kusuka. Mistari ilipinda, lakini mtoto alikwenda shule kasukwa. Siku hizi binti anafanya kazi mji mwingine. Upande wa pili wa ukuta nasikia kikombe kimoja kikioshwa, kisha redio za watu zikijaribiwa, kisha basi.

Binti alipopiga simu kuhusu harusi yake, Spika aliweka sauti ya nje, ndiyo kawaida yake, anataka kusikia kama spika ya simu inakwaruza.

"Baba, nichagulie wimbo wa kuingia ukumbini na baba. Wewe ndiye unayejua muziki."

"Nitakuchagulia, mama."

Simu ikakatika. Halafu nikamsikia anacheka peke yake. Spika, kucheka! Niliinua mguu kwenye pedali ya cherehani nikasikiliza vizuri. Na niseme ukweli, niliyaelewa maneno ya yule binti vilevile alivyoyaelewa Spika.

Wiki ile sikuwa na raha. Alipiga nyimbo asubuhi mpaka jioni, na kila wimbo aliupimia hatua: kutoka mlangoni, kuzunguka meza, mpaka kitandani. Kulikuwa na mmoja wenye tarumbeta, mimi ukanipendeza, yeye akauzima.

"Una kasi. Na maneno yake ni ya kuachana, ila tarumbeta zinayaficha."

"Spika, unaoa wewe?" nilimuuliza nikigonga ukuta kwa rula.

"Natembea tu, jirani."

Mwishoni akabaki na wimbo mmoja wa zamani. Gitaa linaanza peke yake, linakaa, kisha sauti ya mwanamume inaingia taratibu, kana kwamba alikuwa nje anavua viatu. Nilimwambia unakwenda polepole mno.

"Ndiyo," akasema. "Sitaki tufike haraka."

Kesho yake akaja kupimwa. "Nishonee suti. Ya baba wa bibi harusi." Alisimama mikono ameitandaza, akauliza kwa aibu kama mabega yanaweza kujazwa kidogo. Niliyajaza. Nilifurahi kama naozesha mimi.

Mchana, siku moja kabla ya harusi, tulikwenda ukumbini kwa mazoezi, mimi na pini zangu za kupunguza pindo la gauni. Spika alipanga mashine, akaunga waya, kisha akaenda kusimama mlangoni akijifuta viganja kwenye suruali. Binti akaja, akamkumbatia. Nyuma yake akaingia mwanamume mnene mwenye kicheko kikubwa. Kaka mtu.

"Si alikupigia?" binti akamuuliza Spika. "Alisema atakwambia mwenyewe kwamba anakuja."

"Mambo yaliingiliana, mdogo wangu," kaka mtu akasema, akimpiga bega.

"Haya, Baba, weka ule wimbo, tujaribu." Binti akamshika mkono yule mnene.

Hapo ndipo nilipoelewa "baba" wa ule wimbo ni yupi. Nilifungua mdomo. Spika akanitazama mara moja tu, nikatia pini midomoni nisije nikasema. Binti hakuwa na ubaya. Alikuwa na baba wawili na neno moja la kuwaitia. Lakini yule mwenye kicheko ningemchoma.

Spika akajitia hamnazo, akarudi kwenye mashine. Gitaa likaanza. Hawakufika hata katikati ya ukumbi.

"Ndugu yangu, hii ni harusi au msiba?" kaka mtu akapaza sauti. "Tuwekee wa kuchangamka!"

"Kweli, Baba, unajivuta kidogo," binti akasema, akicheka.

Spika akaweka wa tarumbeta. Wakaupenda.

Tulipokuwa tunakunja waya sikuweza tena kujizuia. "Kwa nini humwambii?"

"Nimwambie nini? Ameomba wimbo, amepata wimbo."

"Na suti?"

"Nitaivaa. Si imeshashonwa?"

Akaivaa. Siku ya harusi alikaa nyuma ya mashine zake na suti yenye mabega, na wanawake wa meza yangu wakanong'onezana kwamba fundi wa muziki kawapita wageni kwa kupendeza. Tarumbeta zikalia, mlango ukafunguliwa, binti akaingia kashika mkono wa kaka mtu, na kabla hatujawatazama vizuri walikuwa wameshafika mbele. Spika alipunguza sauti kidogo kidogo, kwa ustadi, macho kwenye vitufe. Nilimwonea uchungu nikashindwa kula.

Baada ya viapo mpiga picha akaanza kupanga watu. Akanyoosha mkono juu, akaita:

"Baba! Baba wa bibi harusi, njoo hapa mbele!"

Spika akasimama. Sidhani kama alifikiri. Neno hilo limemwinua kitini miaka yote ya yule mtoto. Akafunga kifungo cha koti, akatoka nyuma ya meza, akapiga hatua kadhaa uso umemng'aa. Ndipo akaona kaka mtu ameshafika, mkono begani mwa binti, na binti anatazama kamera.

"Fundi, samahani," mpiga picha akamwambia, "sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Spika akasogea.