Herufi Nene za Fundi Duara

Watu walimwita Fundi Duara kwa sababu O yake ilikuwa duara kamili, na mwenye shaka alikaribishwa aje na bikari aipime. Alikuwa mchora mabango, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye kucha zisizotakata rangi na ulimi usio na breki.

Herufi zake alizitunga kwa hasira. Siku moja mama yake, ambaye macho yalishaanza kufifia, alikwenda hospitali kuchukua dawa akajikuta wodi ya wazazi, watu wakamcheka. Vibao vya milango vilikuwa na herufi nyembamba, zenye mikia na madoido. Fundi Duara akajifungia wiki nne na rula. Akakata mikia yote. Kila mstari akaupa unene uleule, A kubwa ikawa pembetatu, na matundu ya a na e ndogo akayaacha wazi kabisa, maana macho mabovu hushika hapo. Kisha akaenda kwa mganga mkuu, akamsumbua mpaka akaruhusiwa kuvipaka vibao vyote upya.

Vilikaa miaka kumi na moja. Mwaka jana alikwenda pale kupima presha, akakuta vibao vya plastiki. Herufi zilikuwa zake: ile ile R yenye mguu ulionyooka kama fimbo. Ila zilikuwa zimenenepeshwa mno, kila e imekuwa doa jeusi.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Uchafu gani tena, mama?" muuguzi akashangaa. "Si kazi ya mdogo wako, yule wa duka la uchapaji? Katuambia fonti hiyo ya herufi ni yake, kaibuni mwenyewe."

Akaondoka bila kupima presha. Afadhali, mashine ingepasuka.

Mdogo wake alikuwa dukani kwenye kompyuta, wateja wawili wakisubiri.

"Umepiga picha kazi yangu ukaiita yako?"

"Dada, punguza sauti, kuna watu."

"Wasikie!"

"Lakini herufi ni za watu wote. A ni A tu."

"A ni ya wote. Mguu huu wa R ni wangu, niliufuta mara thelathini! Na kama unaiba, iba vizuri. Matundu umeyaziba ya nini?"

"Nilitaka zionekane zina nguvu."

"Nguvu!" Akamshika mkono, akamkokota mpaka hospitali, akamsimamisha kwenye korido kando ya mzee aliyekuwa akisubiri zamu. "Babu, mlango ule wa mwisho umeandikwaje?"

Mzee akakunja uso. "Naona madoa tu, mwanangu."

Mganga mkuu alitoka kwa zile kelele. Akajaribu kusoma yeye mwenyewe, ikambidi asogee hatua tatu mbele. Jioni ile vibao viling'olewa, na Fundi Duara akavichora upya kwa brashi, siku tano, bila kuzungumza na mtu.

Mdogo wake akaona ajirudi. Akafuta jina lake kwenye ile fonti, akaweka la dada, akampelekea karatasi yenye herufi hizo aione. Ndipo moto ukawaka upya.

"Jina langu kwenye e iliyoziba? Lifute!"

Alilifuta. Hadi leo wanasalimiana misibani tu.