Mita ya Chini ya Katoni

Ti-ti-ti-ti. Mlio ulionishtua haukutoka kwenye mitambo. Chumba tunamopimia mita kimezingirwa kwa chuma, na mlango ukifungwa simu hunyamaza kabisa. Nilipoufungua, jumbe zote zilizokuwa zikisubiri nje ziliingia kwa mkupuo, na kwetu simu hailii hivyo kwa habari njema. Mhandisi aliyeongoza maabara yetu hapa Nakuru alikuwa amefariki hospitalini. Nilirudi ndani nikafunga mlango. Wakati huo niliona ni hatua ya busara.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba, nje ya masomo yangu ya uzamili kule Njoro, mimi hupima mita za maji zinazotuma usomaji kwa redio. Mita ya namna hiyo haina budi kuthibitishwa kwamba haipigi kelele za redio nje ya masafa iliyopewa. Mwagizaji wa mita kutoka nje huleta sampuli moja, imefungwa kama keki ya harusi. Marehemu aliipokea kwa heshima, akaipima, kisha akaenda ghalani kwa mwagizaji kuchukua nyingine kutoka chini kabisa ya katoni.

“Injinia, hiyo ni ile ile tu,” mwagizaji mmoja alilalamika mbele yangu.

“Kama ni ile ile, hutajali nikibeba hii.”

Alikuwa na sababu. Katika mtaa mmoja hapa mjini, rimoti za magari zilikataa kufanya kazi kando ya ukuta fulani, na wakazi wakaanza kuombea eneo la kuegesha. Marehemu alifika na antena yake baada ya maombi, akasema amina pamoja nao, kisha akafungua mita mojawapo ukutani. Nafasi ya kichujio cha mawimbi, kinachoizuia mita kuvuruga rimoti, ilikuwa tupu. Katika sampuli iliyopita majaribio, kichujio kilikuwepo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; marehemu alianza kazi pale sifa zilipoishia.

Tulimzika Molo, kwenye baridi. Wasemaji walimtaja kuwa mpole na mcheshi, nami nikajiuliza kama nimekosea boma. Ndipo dada yake akashika kipaza sauti: “Huyu alikuwa mgumu. Hata mama alikuwa anamwogopa. Lakini ukimwachia ng’ombe, unalala.” Watu walicheka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikalia. Nimelitafakari jambo hilo kupita kiasi, kama kawaida yangu. Tunapozika, sote huwa waagizaji: tunaleta ile moja iliyofungwa vizuri. Dada yake pekee ndiye aliyeingiza mkono chini ya katoni, na aliyemtoa humo ndiye niliyemfahamu.

Penye hema la chakula, mwagizaji ambaye mita zake zilikuwa mezani petu alinisogelea akiwa na sahani. “Madam, pole sana. Injinia ametuacha vibaya. Sasa, ile ripoti? Si uweke sahihi tu? Sampuli si ilipita?”

Ilipita. Marehemu alilazwa kabla hajaenda ghalani, na mita hizo zinangojewa na mtaa mzima wa Njoro. Kaimu mkuu wetu alikwisha kunikumbusha, kwa upole mkubwa, kwamba mkataba wangu unakaribia kwisha na kwamba hapendi watu wanaochelewesha wateja. Hakuna kanuni inayonilazimisha kwenda ghalani. Kutokwenda si uongo. Huenda mita zote ni sawa. Nilizipanga hoja hizo kwa uangalifu mpaka nikagundua kwamba zote zilikuwa za kunilinda mimi, na hakuna hata moja iliyopima mita. Funzo nililolipata ni dogo: kipimo cha haki huanzia kwa anayechagua kitakachopimwa.

Siku ya kazi iliyofuata, kabla ya chai ya saa nne, nilimpigia mwagizaji yule.

“Madam! Imetoka?”

“Bado. Nielekeze ghala lenu.”

“Si tukuletee tu moja? Usijisumbue.”

“La,” nikasema. “Nakuja kuichukua mwenyewe.”