Bahari ya Fundi Shaba

Fundi bomba huyu hakuitwa Fundi Shaba bure. Ukimwita kwako kuziba bomba linalovuja, kabla hajafungua begi la vifaa atazunguka jikoni na chooni akigonga koki moja moja kwa ukucha, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Akikuta ya shaba, anatikisa kichwa kwa heshima. Akikuta ya plastiki, anakutazama wewe mwenye nyumba kwa huruma, kana kwamba umevaa shati ndani nje na yeye hataki kukuaibisha mbele za watu.

"Hii nani alikufungia?" anauliza kwa sauti ya msibani. "Plastiki ni ya ndoo, mama. Ya ndoo na kandambili."

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kuweka bahari sebuleni kwake.

Mambo yalianzia kwa daktari wa meno. Fundi aliitwa pale kurekebisha bomba la sinki, akamaliza kazi, akawa anatoka, ndipo akaliona tangi la kioo ukutani: maji ya chumvi, mawe, samaki wenye rangi kama kanga mpya, na matumbawe yakipunga polepole kama mikono ya watu wanaoagana bila haraka. Akasimama. Akasimama mpaka mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba akamgusa bega, akamuuliza, "Kaka, wewe ni jino gani?"

Alifika nyumbani akiwa amekwisha kata shauri. Tatizo likawa ukuta. Tangi la maji ni zito, tena halitaki jua la dirishani, na katika sebule ile ukuta mmoja tu ndio uliokuwa na sakafu imara na kivuli cha kutosha. Penye ukuta huo palikuwa na cherehani ya mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na wateja wake walikuwa wengi kuliko wa mumewe, jambo ambalo hapo nyumbani halikusemwa kwa sauti. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, sindano ikiwa mdomoni, kisha akaitoa.

"Cherehani iende wapi?"

"Chumbani. Kwa muda tu, mama watoto."

"Sawa. Nakupa mpaka shule zifungwe. Zikifungwa, watu wa sare wananijia kwa makundi, na chumbani sitaenea. Siku hiyo nikikuta humo ndani kuna kiumbe cha kunifanya nisimame kukitazama, ukuta ni wako. Nikikuta mawe na maji ya chumvi, yanarudi yalikotoka. Maji ya chumvi hata sufuria yangu inayo."

Fundi akakubali mbio mbio. Cherehani ikabanwa kati ya kitanda na kabati, na kila mama watoto alipogeuza kitambaa, kiwiko chake kiligonga mlango wa kabati. Ko. Ko. Fundi aliisikia ile sauti, akajifanya hamnazo.

Vifaa alivinunua kwa muuza samaki wa mapambo, bwana mmoja mtaratibu ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari wa Samaki. Alimpa tangi la kioo, tangi jingine dogo la kuficha chini ya meza, pampu, taa, ndoo ya chumvi ya bahari, mawe yenye vijidudu vyake, na mfuko wa mabomba na koki. Mpangilio wenyewe si mgumu: maji yanashuka kwenye tangi la chini, yanachujwa, pampu inayasukuma juu tena. Fundi wetu angeweza kuifunga kazi hiyo huku amefumba macho na anaimba.

Lakini alipofungua ule mfuko akakuta mabomba ya plastiki. Koki za plastiki.

Akacheka peke yake. Mfuko akausukuma uvunguni, akafungua sanduku lake mwenyewe, akatoa bomba la shaba safi na koki ya shaba nzito, ile aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya siku yenye hadhi. Akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikawa inaonyesha pua ya anayeitazama. Akafunga, akakaza, akawasha pampu. Hakuna tone lililodondoka.

"Mama watoto, njoo upitishe kitambaa kwenye kiungo hiki."

Mkewe akapitisha. Kikavu.

"Umeona?"

"Nimeona bomba," alisema mkewe. "Bahari iko wapi?"

Bahari ilihitaji kusubiriwa. Daktari wa Samaki alikuwa amemwambia wazi: chumvi ikorogwe na maji yaliyochujwa, ipimwe kwa kipimo, kisha tangi likae majuma kadhaa bila samaki, ili vile vijidudu vya kwenye mawe viongezeke na kuzoea kula uchafu. Kwa fundi bomba hayo ni mateso. Katika kazi yake unafungua koki, maji yanatoka, unashukuriwa, unaondoka. Majirani walikuja, wakakodolea macho mawe.

"Samaki wako wapi, Fundi?"

"Maji bado yanaiva," alijibu, kifua mbele, kana kwamba moto aliuwasha yeye.

Siku ya siku ikafika. Maji yakapimwa uchafu, yakaonekana safi. Fundi akaleta nyumbani samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, konokono wa kulamba ukungu kwenye kioo, na tumbawe laini lililoshika kijiwe, la rangi ya chai ya maziwa. Likitulia, aliambiwa, litafunguka lipunge.

Samaki wakaogelea vizuri tu. Konokono wakaanza kuanguka. Leo mmoja chali mchangani, kesho mwenzake. Tumbawe likajifunga kama ngumi ya mtoto aliyeficha peremende. Fundi akanunua konokono wengine, nao wakaenda njia ile ile. Akarudi dukani, uso umemshuka.

"Umetia dawa yoyote?" aliuliza Daktari wa Samaki.

"Hapana."

"Kuna mtu ananyunyiza kitu sebuleni? Manukato, sabuni? Na mabomba uliyofunga ni yale niliyo—"

"Mabomba?" Fundi alimkata kauli, akacheka mpaka wateja wakageuka. "Kaka, mimi unaniuliza habari za mabomba? Mabomba yangu yangefaa kupelekwa maonyeshoni."

Daktari wa Samaki ni mtu wa amani. Akarudi kuwalisha samaki wake. Na Fundi akarudi nyumbani ameshika neno moja tu katika yote aliyoambiwa, nalo ni sabuni.

"Mama watoto, wewe unafua, halafu unapita hapa na mikono yako. Sabuni ndiyo inayoua viumbe vyangu."

"Mikono yangu inaingia lini humo ndani?"

"Mvuke wake."

"Mvuke wa mikono," alisema mkewe polepole, kama anayepima kitambaa kibovu. Kuanzia siku hiyo hakupita tena sebuleni. Wateja wake aliwaingiza kwa mlango wa nyuma, wanapita kati ya jiko na masufuria, wameinua vitambaa vyao juu ya vichwa. Na chai ya Fundi ikaanza kuja bila sukari.

Zilipobaki siku chache shule zifungwe, Fundi aliitwa na mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye usafi wa kutisha. Sinki lake jeupe lilikuwa na michirizi ya kijani chini ya koki.

"Nasugua, kesho imerudi," alisema yule mama. "Mwanangu, nani ananipaka rangi humu?"

Hapo Fundi akapata mimbari. Akaegemea sinki, akainua spana.

"Hii si rangi, mama. Hii ni shaba yenyewe. Kuna maji makali, yanailamba shaba kidogo kidogo. Kwa macho huoni, lakini inatoka kwenye bomba na kwenda na maji. Na hapa kwako ni maji ya kawaida tu. Yangekuwa ya chumvi, ndiyo usiseme. Maji ya chumvi yanaila shaba kama—"

Spana ikabaki hewani.

"Kama nini?" aliuliza mwalimu.

"Mama, nitarudi kesho."

"Na sinki langu?"

"Sinki halina konokono, mama. Litasubiri."

Alipitia nyumbani akachota maji ya tangi kwenye chupa, akaenda nayo dukani. Daktari wa Samaki akadondosha matone ya kipimo cha shaba. Maji yakabadilika rangi papo hapo.

"Samaki wanaweza kustahimili kidogo," alisema. "Konokono na matumbawe, hiyo kwao ni sumu. Nilikuuliza habari za mabomba."

"Uliniuliza."

"Ukasema maonyesho."

"Tafadhali usiendelee."

Daktari wa Samaki akamweleza kazi iliyokuwa mbele: mabomba yang'olewe, maji yabadilishwe mara nyingi, mawe yaliyokunywa shaba yaondolewe, kitiwe kichujio cha mkaa. Tumbawe nalo likaletwa, likalazwa pale dukani kama mgonjwa. Yote hayo yalitaka muda, na muda alikuwa nao mtu mmoja tu, yule aliyekuwa akigonga kiwiko kabatini.

Njia ya kukwepa ilikuwepo. Angeweza kusema samaki wameleta ugonjwa. Angeweza kulaumu chumvi. Mimi ninayewasimulia ningekuwa nimeshapata visingizio vitatu kabla ya kufika mlangoni, tena vizuri. Lakini Fundi, kila alipoanza kukitunga cha kwake, alikumbuka wale wanawake walioinua vitambaa kati ya masufuria. Akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, magoti yakigusa cherehani.

"Mama watoto."

Cherehani iliendelea.

"Haikuwa sabuni."

Cherehani ikasimama. "Nini haikuwa sabuni?"

"Kilichoua konokono. Si mikono yako. Ni koki yangu."

"Koki ipi?"

"Ile."

"Ile niliyoambiwa nipitishe kitambaa?"

"Hiyo hiyo."

Mkewe akainamisha uso juu ya kitambaa, mabega yakaanza kutikisika. Fundi akadhani analia. Alikuwa anacheka, na alicheka mpaka gauni alilokuwa akilishona likateleza likaanguka. Kisha akajifuta macho, na uso ukabadilika.

"Kuna mtu alikuja kupima gauni la arusi hapa, baba watoto. Alitoka ananuka kitunguu."

"Najua. Nilikusingizia, na nilijua tangu mwanzo kwamba mvuke wa mikono haupo. Nisamehe."

"Na sasa unataka nini?"

"Muda. Mpaka shule zifunguliwe."

Maana yake ilikuwa msimu mzima wa sare katika ule mwanya wa chumbani. Mkewe alilitazama kabati, akalitazama paja la mumewe lililobanwa na cherehani.

"Sare zote utapiga pasi wewe. Wateja watapita sebuleni. Na hiyo plastiki utaifunga mchana, mlango ukiwa wazi."

Sharti la mwisho ndilo lililomchoma. Lakini akaifunga, mchana, mlango wazi. Jirani mmoja akachungulia.

"Fundi, hiyo si ya ndoo?"

"Ndiyo ya ndoo. Pita, mzee."

Hayo yakawa maisha yake. Asubuhi alibadilisha maji na kupima, jioni alipiga pasi kola za mashati ya shule hadi akazijua kama anavyojua pembe za mabomba. Matone ya kipimo yalipoacha kabisa kubadilika rangi, konokono wapya wakaingia, na safari hii wakapanda kioo kama watu wanaokwenda sokoni. Tumbawe likatolewa dukani likarudishwa. Likakaa limefumba. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mama watoto hakuuliza kitu, jambo lililomtisha Fundi kuliko kama angeuliza.

Siku moja, Fundi yuko juu ya ngazi kwenye tangi la maji la mteja, simu ikaita.

"Njoo," alisema mkewe.

"Kumevuja?"

"Njoo tu."

Alikimbia na spana mkononi. Alipoingia sebuleni alimkuta mkewe amesimama mbele ya kioo, futi ya kupimia shingoni, na pembeni yake mteja mwenye mkono mmoja wa gauni uliobanwa pini na mwingine haupo kabisa. Hakuna aliyegeuka. Ndani ya maji tumbawe lilikuwa limefunguka lote, vidole vyake vyembamba vikiyumba kila pampu iliposukuma, na samaki mmoja alikuwa akipitapita kati yake kama anayechagua chumba cha kupanga.

"Tangu lini mmesimama hapa?" aliuliza Fundi, pumzi zikimtoka.

"Mimi nilikuja kupimwa tu," alisema mteja. "Sijui tena saa ngapi."

Fundi akamtazama mkewe. "Kwa hiyo, ukuta?"

"Ukuta ni wako," alisema mkewe bila kuondoa macho kwenye kioo. "Ila mimi siwezi kushona tena kule gizani nikijua huku kuna hiki. Nisaidie kubeba."

Jioni hiyo cherehani ikatua kando ya tangi, na kwa kuwa sebule haikuongezeka ukubwa, sofa likahamia chumbani, kati ya kitanda na kabati. Hapo ndipo Fundi anapopumzika sasa akitoka kazini. Anasikia wateja wakicheka upande wa pili, anasikia maji yakishuka, na kila akiinua mkono kujikuna kichwa, kiwiko kinagonga mlango wa kabati.

"Limefunguka?" anauliza kwa mlango uliofungwa.

"Limefunguka, baba watoto. Subiri kwanza usije, kuna mtu anapimwa."