Mbebaji Aliyegombea Udiwani

Kilima chetu cha Nyakatete kiko upande wa ndani wa kata ya Kamuli, ng'ambo ya bonde la matete. Zamani mgonjwa wa huku alikuwa na njia moja tu ya kumfikia daktari: kubebwa na wanaume wanne kwenye machela. Polikarpi alishika mti wa mbele kulia tangu alipooa mpaka mvi zikaanza kumtoka. Hakuwa mtu mkubwa, ila alikuwa na mwendo. Mgonjwa aliyebebwa naye hakurushwarushwa. Mti wa mbele kushoto ulikuwa wa Melkiory, mtoto wa mzee Mutalemwa, na hao wawili walizoeana kiasi kwamba hata kwenye utelezi hawakuhitaji kuambizana wakanyage wapi.

Kikundi cha machela kilikuwa na sheria chache. Nyumba isiyotoa mtu ilitozwa pombe. Aliyelewa hakugusa mti. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba mbebaji hasemi alichokiona wala alichokisikia njiani. Mtu akibanwa na maumivu huita majina, huungama, hutukana, hujichafua. Hayo yote yaliachwa huko huko. Hata wabebaji wenyewe, wakirudi na machela tupu, walizungumza habari za migomba na bei ya kahawa. Mgonjwa mwenye ujumbe kwa watu wake aliagiza kwa kutaja jina, na ujumbe ukafikishwa. Kisichoagizwa hakikufikishwa.

Polikarpi hakuwahi kufikiria siasa mpaka pumu ilipomzidi mkewe, Costansia. Tulimbeba mara mbili katika msimu mmoja wa mvua, na mara ya pili alifika hospitali ya misheni hawezi tena kusema. Mganga alimwita Polikarpi pembeni akamwambia wazi: huyu mama anahitaji dawa ya karibu, safari nyingine kama hii hataimaliza. Basi habari zilipokuja kwamba halmashauri itajenga zahanati katika kata yetu, na kwamba diwani ndiye atakayesukuma ijengwe wapi, Polikarpi akaenda kuchukua fomu. Hiyo ilikuwa 1988.

Mpinzani wake alikuwa Yustus, aliyewahi kuwa karani wa ushirika, mkazi wa upande wa barabarani, mwenye duka Omurushaka. Enzi hizo chama kilikuwa kimoja na wagombea wawili walizungushwa pamoja, mkutano mmoja, meza moja, huyu akiwa na alama ya jembe na yule nyumba. Polikarpi alipewa jembe. Hakuona sababu ya kuhangaika. Nyumba zote za Nyakatete, na nyingi za vilima vya jirani, zilikuwa na mtu aliyewahi kulala juu ya bega lake. Melkiory mwenyewe alipita migombani akimwombea kura. "Kaka Poli hajui kusoma hotuba," alikuwa akiwaambia watu, "lakini njia ya hospitali anaijua kuliko waliochora ramani."

Mkutano wa Nyakatete ulifanyika uwanja wa shule, mchana wa jua kali. Yustus alianza.

"Ndugu zangu, Polikarpi namheshimu. Ana mabega. Ila halmashauri hawaiti mabega, wanaita kichwa. Au tumpeleke kule akambebe mkurugenzi?"

Watu wakacheka. Sauti moja ya nyuma ikadakia, "Apite kwanza Omurushaka, ambebee Yustus magunia ya dukani!" Wakazidi kucheka, wakiwemo waliokuwa hai kwa sababu ya mabega hayo hayo.

"Mwacheni aseme habari ya zahanati!" Melkiory alipaza sauti.

Polikarpi akainuka. Maneno ya zahanati alikuwa nayo, alikuwa ameyarudia nyumbani siku nyingi. Lakini kicheko kile kilimwingia mwilini, na alipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Mnacheka leo! Mlipokuwa mnalia njiani mbona hamkucheka? Yustus alikuwepo? Mimi ndiye niliyekuwepo! Hata marehemu mzee Mutalemwa, ambaye mnamsifu kwamba hakuwahi kutoa chozi, alilia pale bondeni kama mtoto. Alimlilia kijana wake wa nje, wa kule Kituntu, ambaye alikataa kumtambua, akiomba amsamehe. Nani alimfuta machozi? Ni huyu asiye na kichwa!"

Alingoja makofi. Vijana wachache wa Yustus walipiga miluzi wakauliza, "Na mama wa kijana ni nani? Malizia, mheshimiwa!"

Anatolia, mjane wa Mutalemwa, alikuwa ameketi majanini na wanawake wenzake. Alisimama, akafunga kitenge chake upya, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu. Melkiory akamfuata. Siku ile ya bondeni Melkiory ndiye aliyeshika mti wa kushoto. Alisikia kila neno la baba yake, na miaka yote hiyo alikuwa amemfichia mama yake, wala hakuwahi kuligusia hata kwa Polikarpi.

Jioni Costansia alikuwa anamenya ndizi. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ya mumewe.

"Baba Cassian, umemtaja mzee Mutalemwa?"

"Walinikashifu. Nilitaka wajue nimewafanyia nini."

"Wamejua."

"Watatulia. Siku ya kura watakumbuka."

Costansia aliweka kisu chini. "Na mimi? Siku nikibanwa nikasema yangu, utanitaja kwenye mkutano upi?"



Kesho yake alikwenda kwa Anatolia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alipewa kigoda, lakini kahawa ya kutafuna, ambayo nyumba ile haikuwahi kumnyima hata mpita njia, haikuletwa. Aliomba radhi kwa maneno mengi. Mama mzee alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Mwanangu," alisema mwishoni, "mume wangu alikuamini akiwa hawezi hata kujigeuza. Nenda salama."

Kura zilipopigwa, Yustus alishinda. Alishinda kata nzima, na alishinda hata Nyakatete. Zahanati ikajengwa kando ya barabara, upande wake, na ukweli ni kwamba hakuhitaji kuiba wala kumhonga mtu. Nani kutoka kilima chetu angekwenda kugombana kwa ajili ya Polikarpi?

Hakuna kikao kilichomfukuza kwenye machela. Filimbi ya kuwaita wabebaji ikilia alikwenda mbio kama zamani, akakuta miti yote ina watu. "Imeshajaa, ndugu," walikuwa wakimwambia, kwa adabu. Siku moja walipungukiwa kweli, akasogea, na mgonjwa mwenyewe, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, akatikisa kichwa. Walimngoja mtu atoke shambani, na Polikarpi amesimama pale pale, mikono mitupu.

Mvua za mwaka uliofuata Costansia alibanwa asubuhi, ghafla. Polikarpi alitoka nje akapiga filimbi mwenyewe. Alikuwa na wasiwasi kama watakuja. Walikuja, na upesi, Melkiory mbele. Walimlaza Costansia vizuri, wakamwinua kichwa apate hewa, wakamfunika. Polikarpi alipotaka kushika mti wake, Melkiory alimzuia kwa mkono.

"Mkeo tutambeba. Wewe tembea nyuma, mheshimiwa. Nyuma kabisa."

"Melkiory, huyu ni mke wangu."

"Ndiyo maana tumekuja."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Walishuka kwa kasi, naye akawafuata kwa umbali waliomwekea. Bonde lilikuwa limejaa maji, ikabidi wapite pembeni, kwenye njia ndefu. Kutoka nyuma aliona mkono wa mkewe ukitoka ndani ya blanketi, ukimshika Melkiory shati. Aliona Melkiory akiinamisha kichwa na kusikiliza, kwa muda mrefu, bila kupunguza mwendo. Halafu mkono ukaanguka. Walikuwa wamekwisha kupanda ng'ambo, na bati la zahanati mpya lilikuwa linaonekana.

Msibani Melkiory alifanya yote yanayomhusu jirani. Alichimba kaburi, alileta ndizi, alilala matangani. Matanga yalipokwisha, Polikarpi alimfuata kwenye njia ya migombani.

"Alikuambia nini?"

Melkiory alisimama, akaegemeza jembe lake kwenye mgomba.

"Melkiory, nimeishi na yule mwanamke tangu ujana. Niambie hata neno moja."

"Unaijua sheria kuliko mimi. Akiagiza, tunafikisha."

"Basi fikisha."

Melkiory alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano, na hakuonekana kufurahi hata kidogo.

"Hakutuagiza neno kwako," alisema, akachukua jembe lake akaenda.