Saa Mbili za Kuwa Mpaka wa Shamba

Naona aibu kuyasimulia haya, lakini kwa kuwa nusu ya kijiji cha Simbo huyasimulia kila wiki na kuyatia chumvi, ni heri myasikie kwangu.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji mjini, nimesoma hadi chuo, na nilirudi nikiamini (bado ninaamini, msinicheke) kwamba kijana anayejua kuishi porini kwa kisu na akili zake ataiheshimu misitu kuliko anayeisoma vitabuni. Kwa hiyo nilianzisha kikundi cha vijana, na Jumamosi ile wazazi walikuwa waje Simbo kuona kibanda nitakachojenga kwa mikono, kisha waamue kama watoto wao waende nami kambini au kikundi kife.

Kisu nilikuwa nacho, kimefuliwa na mhunzi wa Kidahwe, kinaning'inia kiunoni kwa ukanda wa ngozi. Nilichokosa ni fito. Msitu ulikuwa mbali, muda unakwenda, nami nikaona hapo karibu, kwenye kona ya mashamba mawili ya mihogo, minyaa michanga imejiotea (ndivyo nilivyoamini, imejiotea, kila mche umbali uleule na mwenzake), nikaikata yote, kisha nikang'oa hata visiki na kusawazisha udongo, maana chuoni tulifundishwa kutoacha alama yoyote.

Aliyekulia shambani angejua mambo mawili: kwamba utomvu mweupe wa minyaa huunguza macho, na kwamba minyaa hupandwa kuwa mpaka. La kwanza nililijua nilipojifuta jasho. La pili nililijua nikiwa nimefumba macho, napapasa hewani nikiomba maji, kwani waliowahi kufika walikuwa wazazi wawili, Mzee Bihoga na Mama Skola, wenye mashamba hayohayo, waliogombea kona ile kwa miaka kabla ya kupatanishwa na kuipanda pamoja.

Mama Skola alinimwagia ndoo nzima usoni, akiwa amenyoosha mikono kutoka upande wake, asije akaonekana amevuka. Kisha ugomvi ukafufuka: kona ilikuwa hapa, la, ilikuwa pale. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba nilikuwa bado nimesimama palepale nilipong'olea mche wa mwisho.

"Usisogee, mwalimu," Mzee Bihoga akaniambia kwa upole. "Hadi mwenyekiti wa kitongoji afike, mpaka ni wewe."

Nikasimama saa mbili, macho yamevimba, huku wazazi wengine wakifika mmoja mmoja, wakinisalimu kwa adabu na kuniuliza kibanda kiko wapi. Nilipojikuna mguu, Mama Skola akasema, "Mzee, mpaka wako unaingia kwangu."

"Unafuata kivuli, mama. Kwangu kuna jua."

Wakacheka wote wawili, nami sikuthubutu kucheka, nisije nikatikisika.

Mwenyekiti alipima kutoka kwenye visigino vyangu, na matawi niliyoyakata nikayachomeka mwenyewe ardhini (minyaa, nashukuru, haina kinyongo, huchipua tena). Ndipo wazazi wakakaa kando wakashauriana, na Mama Skola akaja na uamuzi.

"Watoto waende. Kisu kibaki."

Sasa kinamenya mihogo kwa mama yangu, nami nimeapa kutokata hata jani kabla ya kuuliza limepandwa na nani. Na kila asubuhi nipitapo Simbo na vijana wangu, Mzee Bihoga huinua kofia na kunisalimu kwa Kiha: "Mwakeye, mpaka."

Nami huitika.