Viatu Tulivyoviacha Mlangoni

Enzi zetu, sisi watoto wa Mombasa tuliokulia viungani mwa Perth, siku ilianza kwa kuogopa viatu. Najua wenzangu mpo mnaosoma haya, wengine mko huko huko Australia, wengine kama mimi mmeishia London, na mkisikia tu neno kukung'uta mnajua nataka kusema nini.

Tulihamia huko nikiwa na miaka minane, na mdogo wangu Rukia ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baba alikuwa amepata kazi ya ufundi wa mashine. Tukapanga nyumba ya matofali katika mtaa ambao nyumba zote zilifanana, kila moja na kiwanja chake cha majani mbele, na nyuma ile kamba ya nguo inayozunguka, ambayo tulikatazwa kuning'inia na tukaning'inia kila siku. Kilichonitisha mwanzo kabisa ni ukimya. Mtaa wa Majengo, Mombasa, tulikotoka, ukichungulia dirishani huwakosi watu. Pale ungeangalia barabara asubuhi mpaka adhuhuri usione ila gari likiingia gerejini na mlango ukijifunga wenyewe. "Watu wa mji huu wamekwenda wapi?" mama alikuwa akiuliza.

Halafu tukaanza kujua kwamba kila kitu kina namna yake ya kukudhuru. Kulikuwa na ndege weusi wenye mabaka meupe, wakubwa kuliko kunguru wetu wa Mombasa, ambao msimu wa kuangua vifaranga walikuja kwa nyuma na kukudonoa utosini. Tulikwenda skuli tumevaa makopo ya aiskrimu vichwani, tumechora macho kisogoni ili ndege adhani tunamwona. Jua lenyewe lilikuwa adui, bila kofia huchezi. Baharini ilikuwa lazima uogelee katikati ya bendera mbili, kwa sababu mkondo ukikuchukua utapunga mkono na wenzako watadhani unawasalimu. Kiangazi moshi wa misitu inayoungua ulitufuata hadi darasani, na mwalimu akaendelea na hesabu zake kama hakuna kitu. Nilikuwa nikihesabu huku nimeziba pua kwa kanga ya mama niliyoiiba kabatini.

Lakini vyote hivyo vilikuwa mbali kidogo. Buibui alikuwa mlangoni.

Jirani yetu, mwanamke mzee wa Kizungu tuliyemwita Bibi Jirani, alituletea keki siku ya pili ya kuhamia, akaona viatu vyetu vimepangwa barazani, akashika kifua. Akamweleza mama kwa ishara na kwa Kiingereza cha polepole kwamba kuna buibui mdogo mweusi mwenye mstari mwekundu mgongoni, wenyewe wanamwita redback, anapenda mahali penye giza na pakavu, na kiatu kilicholala nje kwake ni nyumba. Akatusihi tuviingize ndani.

Mama alimshukuru, akamrudishia sahani yake na mahamri juu, na viatu akaviacha pale pale. "Viatu vimekanyaga vyoo vya watu, viingie ndani ya nyumba ninamosali?" alituambia. "Labda mimi nimekufa." Kwa hiyo ikapitishwa sheria. Viatu vitalala nje kama vya watu wote wa kwetu, na mimi, mtoto mkubwa, kila asubuhi nitavigonga ukutani kisigino kwanza, nivipindue, nivikung'ute, kimoja kimoja, vya watu wanne. Kila asubuhi mama aliuliza kutoka jikoni, "Viatu ushakung'uta?" Na mimi nilijibu, "Nishakung'uta."

Sijawahi kuizoea kazi ile. Nilishika kiatu kwa vidole viwili, mkono umenyooka, uso nimeugeuza pembeni. Mara tatu buibui alianguka kweli, mweusi, ametulia, na mara zote tatu nilikimbia na kumwacha baba ammalize. Usingizini nilikuwa namwona ndani ya kiatu changu, anangoja. Na bado baada ya saa moja nilikuwa nje na watoto wa mtaa, tunakimbia pekupeku chini ya maji ya kumwagilia majani, tunapiga kelele, mahamri mkononi yamelowa. Utoto una mambo.

Jumamosi ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Rukia minne. Watoto wa nyumba ya pembeni walikuwa wameshafungua maji na wananiita kwa jina. Mama alikuwa anakaanga, nasikia mafuta yanavyochemka. Nikachukua viatu vyangu, nikavikung'uta vyangu tu, nikavivaa.

"Viatu ushakung'uta?"

"Nishakung'uta!"

Sikuwa nimefika hata kwenye lango niliposikia Rukia. Alikuwa amekaa barazani, amevaa raba moja nyekundu, ili anifuate. Si kilio cha mtoto aliyeanguka. Kilikuwa kilio cha juu, kimoja, halafu kimya akitafuta pumzi, halafu kingine. Nilijua kabla sijageuka.

Nilimvua ile raba mwenyewe, buibui akaanguka kwenye sakafu, nikapiga kelele hadi Bibi Jirani akaja mbio na mfuko wa njegere zilizoganda, akauweka juu ya mguu. Nakumbuka jasho la Rukia, lilikuwa linatoka kwenye ule mguu tu, kama umetolewa majini. Nakumbuka mama na unga mikononi, hakuosha, ulikuwa bado umemganda tulipofika hospitali. Walimpa sindano, wakamlaza siku mbili. Kwa siku mbili sikula. Niliogopa atakufa, na niliogopa, Mungu anisamehe, kwamba atapona na kusema.

Hakusema kitu. Alikuwa na miaka minne, angejua nini? Aliyesema ni mama. Kila aliyekuja kutupa pole aliambiwa, "Huyu mkubwa wangu alikuwa ashakung'uta. Huyo mdudu kaingia nyuma yake. Na ndiye huyu aliyemvua kiatu, angemwachia mdudu angemuuma tena." Wageni walinipiga bega, shujaa. Baba akanunua sanduku la plastiki lenye kifuniko, viatu vikalala humo, nje bado, na kazi yangu ikaisha. Hofu haikuisha.

Mama aliondoka duniani mwaka juzi, na mpaka mwisho alikuwa akiisimulia hadithi ile kwa wajukuu wake kwenye simu. Nilikuwa upande huu wa simu, hapa Wembley, nikimsikiliza, nikinyamaza.

Sasa ninao watoto wawili wakubwa wakubwa, ambao wakinielewa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Wanaogopa simu kuzima chaji. Wakiona buibui wa bafuni, mdogo asiye na neno, wanapiga kelele, kisha wanampiga picha wawatumie marafiki. Na mimi kila asubuhi nasimama kwenye korido ya fleti nakung'uta viatu vyao, London, kwenye baridi hii, na wananitazama kama nimerukwa na akili. Siwalaumu. Lakini nasikitika kwamba hawatajua ilikuwaje, sisi ambao hatukutia mguu kiatuni kabla mtu mwingine hajatangulia kutia jicho. Tuliogopa sana, na tulikuwa na mtu wa kutuuliza.

Mwezi uliopita Rukia alikuja kututembelea kutoka Perth. Asubuhi yake ya kwanza watoto walitupita mbio, "Mum, we're late!", wakachomeka miguu bila kutazama, mlango ukabamizwa. Nikabaki nimeshika kiatu cha Rukia, nakigonga ukutani. Akatoka chumbani amevaa koti.

"We dada, bado tu?" Akacheka. "Redback gani ataishi na baridi hii?"

Akakaa kwenye kistuli akanyoosha mguu, ule ule. Hauna hata kovu. Nilikuwa nimepanga kumwambia jioni, tukinywa chai, kwa taratibu. Mdomo haukungoja.

"Rukia, siku ile vyako sikukung'uta. Nilikung'uta vyangu tu. Nilimdanganya mama."

Basi lilipita nje, madirisha yakatetemeka. Sijawahi kuogopa vile, si mkondo, si moshi, si chochote cha Perth. Alikitazama kiatu nilichoshika, akanitazama usoni muda mrefu. Kisha akainama, akaokota kile cha pili sakafuni, akanipa.

"Basi kung'uta na hiki," akasema.